Riwaya uipendayo na namna ya kuipendekeza klabuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huuliza wanapojiunga na klabu ya vitabu. Mengine huyauliza baadaye, kwa sauti ya chini, wakishagundua kwamba wenzao hawakukipenda kitabu walichokileta.

Je, nilete klabuni kile kitabu ninachokipenda kuliko vyote?

Unaweza, ila jiulize kwanza unamletea nani. Riwaya tunazozipenda mno aghalabu zilitukuta wakati maalumu: tulikuwa na umri fulani, tumefiwa, tumehama, au ndiyo kwanza tumegundua kwamba kitabu kinaweza kumkosesha mtu usingizi. Mwenzako atakapokifungua hicho kitabu hatakuwa na umri wako wa wakati ule wala msiba wako. Atayaona maneno tu. Kama maneno peke yake yanatosha kumshika, kilete. Kama sehemu kubwa ya utamu wake imo katika kumbukumbu zako, kibaki kipenzi chako, na siku moja utusimulie kilivyokufaa. Hakuna haja ya kundi zima kupewa mwezi wa kukisoma.

Kipenzi ni habari ya msomaji aliyekwisha kusoma. Pendekezo ni habari ya yule ambaye bado hajasoma. Wanaochanganya mambo haya mawili ndio husema "wewe soma tu, utaona", kisha wakikuta mwenzao hajaona kitu, wananuna.

Ndiyo maana tunawahimiza wanachama wasipendekeze kitabu hewani. "Nadhani wewe utakipenda, kwa sababu ulisema unapenda kesi za mahakamani" ni kauli yenye uzito kuliko "hicho ni bonge la kitabu". Hata unapozungumza na kundi, chagua kichwani mwako msomaji mmoja au wawili unaowafahamu na useme nao. Wengine watajua wenyewe kama wamo au hawamo.

Nitakielezaje kitabu kwa dakika mbili tatu bila kusimulia hadithi yote?

Sema mhusika mkuu yuko katika hali gani mwanzoni na anataka nini. Sema hadithi inasimuliwa namna gani: na mhusika mwenyewe, na msimulizi anayejua yote, kwa barua, kwa kurudi nyuma na kusonga mbele. Halafu toa tahadhari moja.

Chukua *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Unaweza kusema hivi: katika nchi iliyo angani, Karama ameshitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, anajitetea barazani kwa kusimulia yaliyowapata wajumbe sita waliotumwa nje na nchi hiyo, ambao waliporudi na mawazo mapya waliambulia adhabu. Tahadhari: ni hadithi ya mafumbo, kwa hiyo anayetaka mbio na vishindo atachoka na hotuba. Basi, imetosha. Aliyevutiwa amevutiwa, na asiyevutiwa umemwokolea muda.

Tahadhari ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayokujengea jina. Aliyeonywa kwamba sura za mwanzo zinakwenda polepole atazivumilia. Asiyeonywa atadhani kitabu chote ndivyo kilivyo, na mara nyingine ukipendekeza atakumbuka.

Nimuulize nini mtu ili nijue nimpe kitabu gani?

Usimuulize anapenda vitabu vya aina gani. Wengi hujibu wanachodhani ni jibu la heshima: historia, falsafa, vitabu vyenye mafunzo. Muulize akusimulie kitabu cha mwisho alichokimaliza kwa raha, kisha unyamaze na kusikiliza anaanzia wapi.

Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani ambaye mwaka 1998 alianzisha huko Seattle mpango wa kuhimiza mji mzima usome kitabu kimoja, huzungumzia milango minne ya kuingilia katika kitabu: hadithi, wahusika, mandhari na lugha. Kila kitabu kina milango yote minne, ila haina upana sawa, na kila msomaji ana mlango anaoupenda. Kati ya nyenzo zote za kupendekezea vitabu, sijaona iliyo rahisi kuliko hii.

Anayesema "sikulala mpaka nikajua ilikuwaje" aliingilia mlango wa hadithi. Huyo mpe fumbo la kufumbuliwa, kwa mfano *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, ambamo Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, anachunguza mauaji. Akiupenda, hatakuja kukuomba kitabu kingine kwa muda mrefu, maana mwandishi huyo alimwandikia Bwana Msa visa kadhaa.

Anayesema "bado namwonea huruma yule msichana" aliingia kwa wahusika. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, inamfaa: Maimuna, aliyekuzwa akiwa amefungiwa na baba mkali mwenye cheo, anaangukia katika dunia ambayo hakuna aliyemtayarisha kuikabili. Msomaji wa namna hii hasumbuliwi na hadithi iendayo taratibu, mradi watu waliomo wanapumua.

Mandhari ni ya yule anayesema "nilijiona niko palepale". *Kuli* ya Adam Shafi inampeleka gatini Unguja, kwa wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa 1948; jasho, magunia, na dharau ya wenye meli kwa wabeba mizigo. Na ukikuta mtu anatoa simu yake kukusomea sentensi alizozipiga picha, usihangaike na kisa wala mahali. Huyo ni wa lugha. Mpe Shaaban Robert na umwache.

Angalizo dogo: mlango wa mtu hubadilika. Aliyechoka na kazi hutaka hadithi hata kama siku zote ni wa lugha. Basi ongeza swali moja: "Kwa sasa unataka kitabu cha kukupumzisha au cha kukusumbua?"

Riwaya za Kiswahili nilizisoma shuleni tu, kwa ajili ya mtihani. Nianzie wapi nikitaka kusoma kwa raha?

Anza na kimoja ulichokisoma shuleni, safari hii bila daftari. Hakuna atakayekuuliza dhamira, maudhui, wala tamathali tano za usemi zilizotumika. Wengi hushangaa kugundua kwamba kitabu walichokichukia kilikuwa kinachekesha, na kwamba walichokichukia hasa ni yale maswali.

Ukitaka kipya, *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) ni mlango usio na kizingiti. Kongowea Mswahili anasimulia maisha yake mwenyewe, mtoto wa mwimbaji wa taarabu anayesafiri kumtafuta baba asiyemjua. Lugha yake ina mapambo mengi, na wapo wanaoona yamezidi. Mimi naona yanamfaa kijana anayejivunia Kiswahili chake. Baada ya hapo, *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi (1999): Yasmin anaozwa angali msichana kwa mwanamume mtu mzima, anatoroka, na mapenzi yake na Denge yanamtia katika harakati za kupambana na wakoloni. Ina kila kitu ambacho klabu huhitaji, yaani mapenzi, siasa, na mhusika mmoja au wawili ambao watu watabishana juu yao hadi watolewe ukumbini.

Usianze na *Nagona* (1990) wala *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi. Ni vitabu vyembamba, na wembamba wao huwadanganya watu. Ndani yake wakati na mahali havina mpaka, na ukitafuta kisa cha kawaida utatoka mikono mitupu. Anza na *Rosa Mistika* (1971) au *Kichwamaji* (1974) za mwandishi huyohuyo, ambazo zinasimulia moja kwa moja, ndipo uje kuona alikokwenda miaka 20 baadaye. Kwa kweli klabu ikisoma *Rosa Mistika* na *Nagona* mfululizo itapata vikao viwili ambavyo haitavisahau.

Riwaya za mapenzi na za kijasusi zinaruhusiwa, au tunasoma vitabu "vizito" tu?

Zinaruhusiwa. Wahakiki hugawa riwaya katika makundi mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na mgawanyo huo una manufaa yake darasani. Klabuni huleta aibu isiyo na sababu. Kuna watu wazima ambao wasingekuwa wasomaji kama si Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na leo wanavificha vitabu hivyo nyuma ya rafu.

Tatizo la kweli liko kwenye mjadala. Riwaya ya upelelezi ikishafumbuliwa huacha watu wakitazamana. Tiba yake ni kuzungumzia ufundi: mwandishi alikuonyesha dalili gani mapema bila wewe kuishika? Alikupoteza njia kwa kumtumia nani? Rudini kwenye sura ya pili na msome tena ukurasa mmoja mkiwa tayari mnamjua mhalifu. Kwa riwaya ya mapenzi, jadilini kikwazo: ni nini hasa kinachowazuia wale wawili, na je, kikwazo hicho kingekuwapo kama wangekaa wakazungumza kwa dakika tano? Swali hili limeangusha riwaya nyingi.

Na tafsiri?

Tafsiri nzuri ni kitabu kizuri. Mtaje mfasiri unapopendekeza, maana lugha unayoisifu ni yake pia. Mfano wa karibu ni *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Klabu yenye wasomaji wa lugha zote mbili inaweza kugawana, nusu wasome asili na nusu tafsiri, kisha walinganishe sura moja. Jambo la kuangalia ni kwamba namba za kurasa hazitalingana, kwa hiyo zungumzeni kwa sura.

Tuchague kitabu cha mwezi kwa kura?

Kura inaonekana ya haki, lakini ina kasoro: hushinda kile ambacho watu wengi wamekisikia tayari, na mara nyingi kile ambacho hakuna anayekichukia. Klabu inayopiga kura kila mwezi husoma vitabu vya wastani mwaka mzima.

Zamu ni bora. Kila mwanachama ana mwezi wake, na mwezi huo ni wake kweli. Ili zamu isigeuke udikteta wa siku 30, mwenye zamu alete vitabu viwili au vitatu, aeleze kila kimoja, na wenzake wachague miongoni mwa hivyo. Hapo pana ladha ya mtu mmoja na ridhaa ya wote. Mwenye haya atapata nafasi sawa na mwenye sauti, na yule ambaye amekuwa akipendekeza mwandishi yuleyule tangu klabu ianze atasubiri zamu yake kama wengine.

Kabla ya kutangaza, hakikisheni kitabu kinapatikana. Riwaya nyingi nzuri za zamani hazichapishwi tena mara kwa mara, na hakuna kinachoua kikao haraka kama watu wanane wenye nakala mbili. Pitieni maduka ya vitabu, maktaba na rafu za jamaa kwanza. Kama nakala ni chache, kipangieni kitabu hicho miezi miwili mbele zianze kuzunguka mapema.

Kitabu kiwe na kurasa ngapi?

Mtu akisoma kurasa 10 kwa siku, humaliza riwaya ya kurasa 300 kwa siku 30. Wenye kazi na watoto hawasomi kila siku, kwa hiyo klabu inayokutana kila mwezi ijikadirie kurasa 200 hadi 250. Kikiwa kirefu zaidi, kigaweni vikao viwili na mkubaliane mtasimamia sura ipi. Ila kumbukeni yale ya *Nagona*: idadi ya kurasa haisemi lolote kuhusu ugumu.

Nimekwama katikati. Lazima nimalize?

Hapana. Mwandishi wa Kifaransa Daniel Pennac, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu usomaji, aliorodhesha haki 10 za msomaji. Miongoni mwake zimo haki ya kutosoma, ya kuruka kurasa, ya kutomaliza, na ya kusoma tena. Nancy Pearl naye ana kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache. Aliyevuka umri wa miaka 50 atoe umri wake kutoka 100, na jibu ndilo idadi ya kurasa za kukipa kitabu. Mwenye miaka 70 anakipa kurasa 30 tu, na ni haki, kwa maana muda uliobaki ni mchache na vitabu ni vingi.

Klabuni, hata hivyo, tunaomba jambo moja: njoo kikaoni, na useme uliachia wapi. Aliyeachia ukurasa wa 80 ana habari ambayo waliomaliza hawana, kwa sababu wao wameshasahau walivyochoka pale. Mara nyingi mjadala bora huanza kwa mtu kusema, "Mimi nilikiacha mama alipokufa, sikuona tena sababu ya kuendelea." Usichoruhusiwa ni kuwazuia wengine wasizungumzie mwisho kwa sababu wewe hukuufikia.

Na usidanganye kwamba umemaliza. Inajulikana kwenye swali la pili.

Nilileta riwaya niipendayo, wakaiponda. Nilijisikia vibaya sana. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa, na ndilo jambo linalowafanya watu waache kupendekeza. Wanaanza kuleta vitabu vya tahadhari, vile vilivyokwisha kusifiwa na kila mtu, ili lawama ikija isiwaangukie wao. Klabu ikifika hapo imebaki na chai tu.

Upande wako: kumbuka wanachozungumzia ni walivyokutana na kitabu. Hawajadili akili yako. Usijibu kila kasoro. Waulize walikatika wapi, kwenye ukurasa gani, na uandike. Utagundua vitu viwili. Cha kwanza, baadhi ya kasoro unazijua tangu zamani ila ulikwisha kukisamehe kitabu. Cha pili, mtu mmoja kimyakimya atakujia baadaye akuambie alikipenda, na huyo ndiye uliyekuwa ukimletea bila kujua. Pendekezo lililompata msomaji mmoja kati ya wanane halikuanguka.

Upande wa wenzako kuna adabu yake. "Kitabu hiki ni takataka" haimsaidii mtu. "Sikumwamini Asha alipomsamehe mumewe, kwa sababu sura nzima iliyotangulia alikuwa akipanga kuondoka" ni kauli inayoweza kujibiwa, kupingwa, hata kubadilisha mawazo. Anayeponda aoneshe mahali. Mwenye zamu asizungumze kwanza, maana akianza kwa kusifu wengine wataona vigumu kusema kweli, na akianza kwa kuomba radhi wataingia kwenye kikao wakiwa wameshashuka moyo.

Nami nina maoni ambayo si kila mtu klabuni anakubaliana nayo: kikao ambacho wote wamekipenda kitabu huwa kifupi na kinachosha.

Ni wakati gani ni kosa kutoboa mwisho?

Unapopendekeza, usivuke robo ya kwanza ya kitabu. Ndani ya kikao cha kukijadili, kila kitu kiko wazi, na aliyekuja bila kumaliza amekubali mwenyewe. Katika kundi la simu, andika jina la kitabu juu kabisa, acha nafasi, ndipo useme ya mwisho.

Jina la muuaji halitajwi nje ya kikao, kamwe. Wapo wanaosema kitabu cha zamani hakina siri tena. Kitabu cha 1960 ni kipya kwa asiyekisoma.

Nifanyeje kama kitabu kina mambo mazito: ubakaji, kujiua, mateso ya watoto?

Sema aina ya jambo bila kusimulia tukio. "Kuna ukatili wa kingono katikati ya kitabu, haukuelezwa kwa urefu, lakini upo" inatosha. Mwenzako ataamua mwenyewe, na huna haja ya kujua sababu yake. Usimuulize mbele za watu.

Kumwonya msomaji ni tofauti na kumficha kitabu. *Rosa Mistika* ilipotoka ilizuiwa shuleni kwa sababu ya jinsi ilivyoyaweka wazi mambo ya ngono na malezi, na baadaye ikaja kuwa miongoni mwa riwaya zinazosomwa na kuhakikiwa zaidi katika Kiswahili. Vitabu vya namna hiyo vikiondolewa klabuni, tutabaki na visa vya watu wasiopatwa na lolote. Lakini kikao chake kinataka mwongozaji mtulivu, asiyewalazimisha watu kutoa ushuhuda wa maisha yao. Akitokea mtu akasema jambo lililompata, mjadala wa kitabu unaweza kungoja.

Mtu ametuma PDF ya riwaya nzima kundini. Ni sawa?

Kama mwandishi au mchapishaji ndiye aliyeiruhusu, sawa. Vinginevyo si sawa. Chini ya Mkataba wa Berne, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingine zimeongeza hadi 70. Riwaya nyingi tunazozijadili bado zimo ndani ya muda huo, na waandishi wengine wangali hai.

Tunajua sababu ya watu kufanya hivyo; nakala ni adimu. Ila mchapishaji asiyeona mauzo hachapi upya, na uadimu unazidi. Changieni nakala tatu zizunguke, kila mtu akae nayo siku 10. Maktaba nazo hupokea maombi ya vitabu, hasa yakiletwa na kundi.

Kusikiliza kitabu cha sauti ni kusoma?

Kwa klabu, ndiyo. Ugumu pekee ni kurejea ukurasa, kwa hiyo msikilizaji aandike dakika au sura.

Nikitazama filamu badala ya kusoma je?

Hiyo hapana, ingawa mnaweza kutazama pamoja baadaye. *Vuta n'kuvute* ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na ukiiweka kando ya riwaya utaona ni mambo mangapi yalilazimika kuachwa ili kisa kitoshee muda wa filamu moja. Kulinganisha walichoacha ni kikao kizima.

Nyota na maoni ya mtandaoni yanafaa kutuchagulia?

Yanakuambia kitabu kinapendwa na wangapi. Hayakuambii kama wanafanana na wewe. Ruka waliotoa nyota tano na waliotoa moja, usome wa nyota tatu: hao huwa wameona uzuri na upungufu kwa pamoja, na mara nyingi upungufu wanaoutaja ndio unaokufanya wewe ukitake. "Hakitokei kitu, watu wanazungumza tu jikoni," mmoja akilalamika hivyo, kuna msomaji wa wahusika ambaye ameshavaa viatu kwenda kukitafuta.

Maswali gani yanafungua mazungumzo kikaoni?

Yasiyo na jibu moja na yasiyofanana na mtihani. Ni mhusika gani usingependa kukaa naye nyumba moja? Ni wapi ulitaka kumshika mkono mwandishi asiendelee? Kama kisa kingesimuliwa na mke badala ya mume, tungejua nini zaidi? Ni sentensi ipi uliyoirudia?

Swali la "mwandishi alitaka kutufundisha nini?" liacheni mpaka mwisho, au msiliulize kabisa. Likitangulia, kila mtu hujinyoosha kwenye kiti na kuanza kusema kama mgeni rasmi. Swali moja hatuliachi: "Ungempa nani kitabu hiki?" Aliyekipenda hulijibu haraka. Wa kusikilizwa ni yule ambaye hakukipenda lakini anamjua mtu kitakayemfaa, dada yake, bosi wake wa zamani, jirani anayelea wajukuu. Huyo ameshajua kupendekeza.

Kuazimana vitabu kuna utaratibu?

Andika jina lako ndani ya jalada. Andika uliyempa na tarehe. Kama huwezi kuvumilia kitabu kupotea, usikiazimishe, pendekeza tu.

Tuweke kumbukumbu ya mapendekezo?

Ndiyo, na iwe fupi ili idumu. Daftari moja, au faili moja ambalo wote wanaweza kulifungua: jina la kitabu, mwandishi, mfasiri kama yupo, nani alikipendekeza, alikuwa akimfikiria nani, na sentensi moja ya kwa nini. Ongezeni safu ya waliokipenda na safu ya wasiokipenda, kwa majina. Hiyo ya pili watu huionea haya mwanzoni, lakini ndiyo yenye faida zaidi. Baada ya vitabu kadhaa utaona kwamba kuna mwanachama ambaye kila anachokichukia wewe unakipenda, na kuanzia hapo akisema kitabu fulani kilimchosha, unamwomba akuazime.

Mgeni anapojiunga, mpeni daftari hilo kabla ya kumpa kitabu cha mwezi. Asome sentensi za watu, achague sauti moja inayofanana na yake, na amuulize mwenye sauti hiyo aanze na kipi.